Digrii za thieta: riviu ya mjomba aliyezungushwa na mpwa wake miezi mitatu

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aende zake. Ofisi ya ushauri wa vyuo tuliyoenda hapa town: nyota moja. Digrii ya BA (Bachelor of Arts) ya thieta: nyota nne. BFA (Bachelor of Fine Arts) ya uigizaji: nyota tatu kama kuna mtu mwengine anakulipia, nyota moja kama ni mamako anauza kiwanja. BFA ya kazi za nyuma ya steji, yani taa, sauti, seti na mavazi: nyota nne na nusu, na hio nusu niliyoibana ntawaeleza mbele. Sasa mwenye nafasi avute kiti.

Mpwa wangu, mtoto wa dadangu mkubwa, amemaliza fomu foo na B ya kawaida, na tangu yuko fomu tuu akili yake yote ni zile tamasha za drama za shule, zile zinaanzia huku chini zinapanda mpaka taifa. Matokeo yalipotoka akaja sebuleni akasema mbele ya watu wote, "Mi nataka kusomea thieta." Dadangu hakumuangalia yeye, aliniangalia mimi, kama mtu aliyeletewa homa nyumbani na mgeni, manake mimi ndo nlisomea hicho kitu na leo riziki yangu ni kufunga taa kwenye harusi na makongamano kutoka Likoni mpaka Mtwapa. Mamangu akauliza, "Kwani kuigiza kwasomewa?" Hakuna aliyemjibu. Basi nikapewa mimi hio kazi, nizunguke nitafute ni digrii gani hasa, kwa kuwa balaa nlileta mimi.

Tukaanza na hio ofisi. Siitaji jina, mkiiona mtaijua wenyewe, iko ghorofa ya pili, ina AC inavuja ndani ya ndoo ya rangi na ukutani kuna picha ya wazungu wanacheka wamekaa kwenye nyasi. Elfu tano ya kuketi tu. Kijana wa tai akatufungulia broshua, nikamuuliza swali moja jepesi, kuna tofauti gani kati ya BA ya thieta na BFA ya thieta, manake mtoto ameyaona yote mawili kwenye intaneti na amechanganyikiwa. Akanijibu, wallahi nanukuu, "Ni sawa tu mzee, ila BFA ina nguvu zaidi, si waona ina herufi tatu." Nikacheka nikadhani ni utani. Hakucheka. Halafu kila chuo tulichomuuliza jibu lake lilikua chuo kimoja tu cha nchi moja baridi sana, ambacho hata thieta hakina, kina "mawasiliano ya kidijitali," ati ni karibu. Tulipoomba risiti akasema mashine ya kuprinti imekwisha wino, tulipoomba pesa akatuletea chai. Hio nyota moja nlioitoa ni ya chai, ilikua na tangawizi.

Kwa hivo nikafanya kazi mwenyewe, na mpwa wangu pembeni na daftari, na haya ndo tuliyoyapata.

Kule Marekani, ambako haya majina mawili yamegawanyika sana, digrii ya miaka minne huwa ni kama krediti 120, yani vile vipimo wanavyohesabia masomo. Ukichukua BA, thieta inakula kama theluthi moja, ikizidi sana nusu, na zilizobaki unasoma mambo mengine: historia, lugha, sayansi kidogo, hesabu kidogo, uchumi ukitaka. Ukichukua BFA mambo yanapinduka, theluthi mbili au zaidi ni thieta tupu na hayo mengine yanakua ya pembeni. Ndo tofauti yenyewe, nguvu wala herufi hazihusiki. Nlimuelezea dadangu hivi: BA ni mtu wa pilau la shughuli, anajua kununua mchele, anajua nyama, anajua kuhesabu wageni na kugombana na wenye viti. BFA ni yule mama wa viazi karai, viazi na viazi tu asubuhi mpaka usiku, lakini viazi vyake utavifuata hata akihamia Changamwe. Dadangu akasema "sasa yule wa viazi mvua ikinyesha wiki nzima ale nini," na hapo mpwa wangu akaguna, lakini swali lilikua la haki.

Na hio BFA si ya kusoma ukiwa na nafasi. Asubuhi darasa la sauti, kupumua, kutamka, halafu mwili, kutembea, kuanguka bila kuvunjika, halafu uigizaji wenyewe, mchana maandishi ya watu kama Shakespeare unayachambua mstari kwa mstari, jioni mazoezi ya mchezo mpaka saa nne za usiku, na ukiwa huna nafasi kwenye mchezo basi uko nyuma unasukuma seti au unapiga pasi mavazi ya wenzako, manake karibu kozi zote zinamlazimisha hata muigizaji afanye masaa ya nyuma ya steji. Madarasa ni madogo, watu kumi na kitu hivi, mwalimu anajua ukija umelia. Kuna kozi nyengine hazikuruhusu kuigiza nje ya chuo miaka ya mwanzo hata ukipata kazi. Na kuna jambo moja ambalo hakuna broshua inaliandika kwa herufi kubwa: baadhi ya hizi kozi zilikua na desturi ya kukata watu, yani mnaingia wengi, mwisho wa mwaka walimu wanakaa kikao, wengine wanaambiwa asante kwaheri. Nyingi zimeacha, ila wewe uliza waziwazi kabla hujatuma chochote, uliza "mnakata?" na uangalie wanavojibu.

BA nayo ina uvundo wake usidhani nimeipenda bure. Unaweza kumaliza BA ya thieta umeandika insha hamsini juu ya Wagiriki na hujawahi kusimama stejini mara tatu. Nafasi kwenye michezo unagombania na wenzako, na pale ambapo chuo kimoja kina BA na BFA pamoja, mara nyingi wa BFA ndo wanapewa nafasi kubwa na wa BA wanashika mikuki. Hilo pia ni la kuuliza. Lakini BA inakuachia mlango, unaweza kubeba digrii mbili kwa mpigo, thieta na uchumi, thieta na ualimu, jambo ambalo ukiwa BFA karibu haliwezekani, ratiba haikubali.

Sasa hapa kila mtu wa Kenya ananitajia Lupita. Sawa, tumtaje vizuri basi. Lupita Nyong'o digrii yake ya kwanza alisomea filamu na thieta Hampshire College, Massachusetts, chuo cha mambo mengi ambapo mwanafunzi anajipangia, hakikua chuo cha kufinyanga waigizaji hata kidogo. Kufinyangwa alienda kufinyangwa baadae, Yale, digrii ya pili, akamaliza 2012, na Oscar akaibeba 2014. Viola Davis, muigizaji wa Marekani, vilevile, kwanza thieta pale Rhode Island College, chuo cha serikali cha kawaida tu, halafu ndo Juilliard, shule ya kufinyanga waigizaji kule New York. Simaanishi ukisoma BA utakua Lupita, wengi tumesoma BA na tunafunga taa. Namaanisha yule anaekwambia bila BFA basi umekwisha, muulize amewahi kutafuta.

Halafu kuingia. BA nyingi unaomba kama wanafunzi wengine, alama zako, barua, insha, basi. BFA ya uigizaji ni odishoni, yani unaigiza mbele ya walimu wakuchague, na kabla ya odishoni kuna video ya kuchujwa kwanza, unajirekodi monologi mbili zinazotofautiana, yani vipande vya kuigiza peke yako, kila moja kama dakika moja au moja na nusu, unaanza kwa kusema jina lako na kipande unachofanya, na hairuhusiwi kukata na kuunga katikati. Ukipita hapo ndo unaitwa, na kuna vyuo vinakutana pamoja mji mmoja kusikiliza watoto, New York, Chicago, kwenye Januari na Februari, mtoto anazunguka hoteli nzima anaingia chumba hiki anatoka anaingia kile kama mtu anaetafuta chumba cha kupanga Majengo. Anaetoka Mombasa haendi Chicago kwa dakika tatu, huyo anategemea video na mtandao.

Basi hio video tuliirekodi, kwa majaribio tu, nlivosema mimi. Paa la nyumba yetu Kibokoni, baada ya magharibi, nimefunga taa mbili ndogo kwenye nguzo ya tangi la maji na karatasi nyeupe mbele yake zisimchome macho, simu yangu juu ya kreti ya soda. Monologi ya kwanza ya Kizungu. Mara ya kwanza tuktuk ikapiga honi. Mara ya pili jirani akaanza kuita mwanawe ale. Mara ya tatu hakuna aliyeingilia, alisema maneno yote vizuri, mikono ilikua pale inapotakiwa, na mimi nlikua nimeboeka vibaya sana, nlikua natizama mtoto anaevaa nguo ya dadake mkubwa. Nikanyamaza. Monologi ya pili ilikua ya Kiswahili, ameiandika mwenyewe, mwanamke anamngoja mumewe baharini siku ya tatu na mchele uko jikoni. Kufika katikati, pale anaposema "nimekuwekea chai, imepoa, nimeipasha, imepoa," adhana ya isha ikaanza msikiti wa karibu, halafu wa pili, halafu wa tatu, mnajua Mji wa Kale huo ulivo, zinapishana.

Nikanyoosha mkono kuzima simu, akanikataza kwa jicho. Hakutoka kwenye mchezo. Akakaa vilevile anaangalia upande wa bahari, adhana ikapita yote, mimi nimechutama nyuma ya kreti miguu inakufa ganzi, halafu ilipokwisha akavuta pumzi akamalizia "basi niipashe tena." Nikamwambia imeharibika, turudie, sheria zinasema dakika moja na nusu na hapa tumevuka dakika nne. Akasema sawa mjomba, tukarudia ikatoka safi. Safi tu.

Tuje kwenye pesa kwa sababu ndo inaamua. Chuo kama NYU pale New York, ambacho BFA yake ya drama inajulikana dunia nzima, ada peke yake imepita dola 60,000 kwa mwaka, hujalala hujala. Kwa dola ya shilingi 129 hivi hio ni zaidi ya milioni saba na nusu, mara nne. Skolashipu ziko lakini usihesabu kifaranga. Viza ya mwanafunzi ya Marekani inakuruhusu kazi ndani ya chuo masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na mwanafunzi wa BFA hayo masaa 20 atayatoa wapi, labda usingizini. Ukimaliza unapewa mwaka mmoja wa kufanya kazi ya fani yako. Wale wa sayansi na kompyuta wanaongezewa miezi 24, wa thieta hawaongezewi. Mwaka mmoja wa kupanga foleni za odishoni New York, halafu unarudi. Nlivomsomea dadangu hapo alienda kuteka maji na maji yalikuwepo.

Uingereza ni miaka mitatu, kwa hivo mwaka mmoja unaokoa. Kule mgawanyiko hauna BA na BFA, zote zinaitwa BA, lakini usidanganyike na jina, kuna shule za drama kama RADA, ambayo iko tangu 1904 na inachukua watu 28 tu kwa mwaka kwenye digrii yake ya uigizaji, hizo ni viazi karai kabisa, na kuna vyuo vikuu vya kawaida vyenye somo la drama na thieta ambalo mwanafunzi anasoma zaidi kuliko anavyocheza. Jina moja, maisha mawili.

Na hapa ndo nataka mnisikize, manake hata huku kwetu ni hivohivo. Afrika Mashariki karibu kila kitu kinaitwa BA. Kenyatta wana idara yao ya filamu na thieta, Moi kule Eldoret fasihi na thieta na filamu ziko idara moja, Makerere wana idara ya sanaa za maonyesho na filamu, Dar es Salaam wana thieta tangu enzi. Ukisoma majina utadhani ni kitu kimoja. Tofauti haiko kwenye cheti, iko kwenye ratiba, na ratiba hawaiweki kwenye tovuti. Mimi chuo changu, nacho sikitaji, nlisoma somo la taa za steji mihula miwili. Bodi ya taa ilikuwepo, nzuri, ya msaada, iko stoo. Funguo za stoo zilikua na mzee mmoja. Yule mzee kila ukienda yuko "fildi." Sijui fildi gani hio ya mtu wa stoo. Mwalimu wetu maskini alikua anachora bodi kwa chaki ubaoni, vile vitelezi vyote, ishirini na vinne, anavinambari, halafu anatuita mmoja mmoja tunakuja kusukuma chaki kwa kidole. "Punguza ya saba." Unafuta kidogo. "Pandisha ya kumi na mbili." Unachora. Nlipata A. Siku ya kwanza kazini, ukumbi mmoja wa harusi Nyali, nikaambiwa washa, nikasukuma kitelezi cha kweli kwa mara ya kwanza nikiwa na digrii mfukoni, nikawazima maharusi gizani wakati wanakata keki.

Kwa hivo swali langu kwa chuo chochote, kiwe cha Kahawa au cha London, ni moja: funguo za stoo ziko na nani? Yani mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anagusa taa lini, anasimama stejini mara ngapi kwa muhula, michezo mingapi inatoka kwa mwaka na nani anaielekeza, ukumbi ni wa nani, na je saa mbili za usiku huo ukumbi umefunguliwa au umefungwa? Na usimuulize ofisi ya udahili, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu umnunulie soda. Mpwa wangu aliwapata kwenye Instagram wanafunzi wa vyuo vinne akawauliza hilo swali la funguo, wawili walicheka kabla ya kujibu, tukajua.

Kuna kozi moja nchi jirani, mwanafunzi alimtumia video ya sekunde kumi, saa tatu usiku, mlango wa ukumbi uko wazi, mtu yuko juu ya ngazi anageuza taa, mwengine chini anapiga mahamri na kumuelekeza. Hio video imefanya kazi kuliko broshua zote za yule kijana wa tai.

Kuhusu Dar nasema zaidi kidogo kwa sababu watoto wa Pwani tunaisahau, tunaangalia Nairobi na ng'ambo tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndo walipofundisha kina Ebrahim Hussein, Penina Muhando, Amandina Lihamba, watu walioandika na kucheza thieta kwa Kiswahili na kuifikiria kwa Kiswahili. Basi la asubuhi, unavuka Lunga Lunga, usiku uko Dar. Mtoto ambaye Kizungu anakivaa na Kiswahili kinamkaa mwilini, nlivoona mimi pale juu ya paa, mahali kama pale pana uzito wake. Bagamoyo nako kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza 1981, ngoma, maigizo, sauti na taa, ila wale ni cheti na stashahada, si digrii, na mimi binafsi kuna siku natamani ningeenda pale badala ya kusukuma chaki. Nlipolisema hilo mbele ya dadangu niliambiwa nisimharibu mtoto.

Gharama za hapa kwetu hazikaribiani na za huko ng'ambo, unapita KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo Kenya, ukiwa na C+ kwenda juu na alama za masomo yanayotakiwa, HELB ya mikopo ya wanafunzi ipo na kelele zake, na mzazi anaweza kukuona ukiumwa. Hilo la mwisho kwa mamake lilikua na nyota tano.

Sasa zile nyota nne na nusu. BFA ya taa na seti na sauti, au usimamizi wa steji, mimi ndo naipigia debe na najua napendelea, hii ni kazi yangu. Lakini hesabu wenyewe. Muigizaji hapa Mombasa ataishi kwa nini? Kuna setibuku, vikundi vinazunguka shule kwa shule vikiigiza vitabu vya mtihani, mimi nlifanya, 1,500 kwa siku na chapati mbili, na ukiigiza mchezo uleule mara mia tatu unaanza kuuota. Kuna matangazo, vipindi vya TV ambavyo vingi vinarekodiwa Nairobi, kuna mashirika yanataka maigizo ya kuhamasisha watu juu ya chanjo. Mtu wa taa hata kama hakuna thieta kuna harusi, kuna maulidi, kuna mikutano ya wanasiasa, kuna hoteli, na simu inalia. Na vyuo vya ng'ambo kuingia kwa upande huo huna haja ya monologi, wanataka kuona kazi zako, picha, michoro, mazungumzo, na mara nyingi wanaoomba ni wachache kuliko waigizaji. Nusu niliyoibana ni hii: unasoma miaka minne kwenye jumba lenye taa mia mbili zinazozunguka zenyewe, halafu unarudi Mombasa unapewa taa za kopo kumi, ekstensheni moja na fundi wa umeme anaekwambia "usiguse hapo." Digrii haifundishi hapo. Hapo nafundisha mimi, bure, na jasho.

Nlimpa mpwa wangu hio hotuba yote tukiwa tunapakia nyaya kwenye pikapu. Akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Akasema, "Mjomba, mi sitaki kuwasha taa. Mi nataka kuwashiwa." Nikamwambia akunje waya vizuri.

Ushauri mwengine mdogo kabla sijafika mwisho, kabla hujalipa chochote mpeleke mtoto akagonge mlango Little Theatre Club au Swahilipot pale karibu na Fort Jesus, akae siku za mazoezi, si siku ya onyesho. Siku ya onyesho kila mtu anapenda thieta. Mazoezi ya tatu ya jumatano mvua inanyesha, watu wanne hawajafika na dairekta anarudia mlango mmoja kuingia na kutoka saa nzima, hapo ndo utajua kama mtoto ana ugonjwa wenyewe au ana mafua. Wangu alirudi nyumbani saa nne za usiku amelowa, anaigiza sauti za wote wanne ambao hawakuja.

Basi tulipofikia ni hapa. Wa kwanza kwenye orodha ni BA, ile ya video ya sekunde kumi, wa pili ni BA ya hapa Kenya kupitia KUCCPS, na dadangu amekubali kwa masharti kwamba atachukua na somo la ualimu pembeni, jambo ambalo halijulikani kama ratiba itakubali lakini limeleta amani nyumbani. BFA ya uigizaji tuliifuta kwa kalamu nyekundu, mbele ya mashahidi.

Jumapili iliopita nafuta vitu kwenye simu nafasi imejaa, nikaona barua pepe kwenye akaunti yake ambayo alisahau kutoka. Chuo kimoja cha ng'ambo, kozi ya BFA ya uigizaji, "tumepokea video zako." Ada ya maombi imelipwa, na kiasi ni kilekile nlichomlipa mimi kwa kubeba nyaya harusi tatu za Desemba. Nikafungua nione ametuma ipi. Ya Kizungu ni ile safi. Ya Kiswahili, dakika nne na sekunde kumi na moja, adhana zote tatu zimo ndani.